UZI: Insha ya upweke na utu kwenye bunilizi za kisayansi za zamani. Pita hapa kabla hujaenda steshenari

#1 ZabibuKavu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Swali la upweke na utu limerudi tena kwa madogo wa fasihi hapa Dodoma, na rasimu zinazozunguka kwenye magrupu zimetoka tumbo moja: aya mbili za maisha ya mwandishi, kurasa mbili za kusimulia kisa, kisha hitimisho la "mtu ni watu". Msahihishaji akimaliza kusoma hajui kama kitabu ulikifungua au ulikula madesa ya mwaka jana. Naanza na Frankenstein, riwaya ya Victor Frankenstein anayemuumba kiumbe kisha akamkimbia, kwa sababu ndiyo inayochaguliwa na wengi na ndiyo inayoharibiwa na wengi.

Kwanza ujue umeshika toleo gani. Mary Shelley alikitoa kitabu London mwaka 1818, bila kuweka jina lake, nakala 500, juzuu tatu. Mwaka 1831 likatoka toleo alilolirekebisha mwenyewe. Yote mawili yapo mtandaoni bure na hakimiliki yake ilishakwisha, ndiyo maana watu wanayachanganya. Kipimo cha haraka ni namba za sura: zikianza upya mara tatu, huo ni mpangilio wa 1818, zikienda mfululizo mpaka 24, ni wa 1831. Kipimo cha uhakika ni Elizabeth. Kwenye 1818 ni binti wa shangazi yake Victor. Kwenye 1831 ni yatima aliyekutwa akilelewa na familia maskini karibu na ziwa Como, Italia, na mama yake Victor akavutiwa naye kwa uzuri wake uliomtofautisha na watoto wengine wa nyumba ile. Ukishaliona hilo, insha imeanza kujiandika: nyumba iliyompokea mtoto wa watu kwa sura yake ndiyo inayomlea mtu atakayemkimbia kiumbe wake kwa sura yake. Mwenye toleo la 1818 akiandika hoja hii ameumia, kwa sababu kwake haipo.

Mimi nitatumia namba za 1831.

Pili, weka filamu pembeni. Vyuma shingoni na kiumbe anayeguna ni mambo ya sinema ya 1931. Kitabuni Victor anakataa kueleza siri ya mbinu yake, na kiumbe anaongea kwa ufasaha kumshinda aliyemuumba. Frankenstein ni jina la muumba. Kiumbe hana jina.

Na hapo kwenye jina ndipo pa kuchimba. Sura ya 12, kiumbe amejibanza kwenye kibanda kilichoegemezwa kwenye nyumba ya akina De Lacey, familia ya mzee na wanawe wawili, anachungulia kupitia ufa na kujifunza lugha kwa kusikiliza. Maneno ya mwanzo ni ya kawaida tu: moto, maziwa, mkate, kuni. Halafu anagundua kitu. Msichana anaitwa Agatha, na pia anaitwa dada. Kijana ni Felix, ni kaka, ni mwana. Mzee ana moja tu, baba. Shelley angeweza kumfundisha kiumbe nomino yoyote duniani, akamchagulia hizi. Anajifunza kwamba ndani ya nyumba mtu mmoja anaitwa kwa namna nyingi kadiri ya watu wanaomhitaji, na yeye aliye nje ya ukuta hana hata moja. Victor akimtaja humwita shetani, zimwi, kinyaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chora jedwali la safu nne kwenye daftari: nani anamwita nani, kwa jina gani, anaitikiwaje, sura ya ngapi. Soma sura ya 10 hadi 17 ukijaza, usisome kwanza halafu ujaze kwa kumbukumbu, utaandika ya kwenye muhtasari wa mtandaoni. Jedwali likijaa utaona kwamba upweke kwenye riwaya hii hauko pale kiumbe anapokuwa peke yake. Msituni yuko peke yake, anagundua moto, anaona kwamba vyakula vingine vikichomwa ni vitamu zaidi, anasikiliza ndege, wala halalamiki sana. Unaanza pale anapoita na asiitikiwe.

Mfano mzuri kuliko yote ni sura ya 15. Anasubiri vijana watoke, anabisha hodi. Mzee De Lacey, ambaye ni kipofu, anauliza nani, anamkaribisha ndani. Wanaongea. Mzee anamwambia haoni sura yake lakini kuna kitu kwenye maneno yake kinachomfanya aamini kwamba ni mkweli. Kwa dakika chache kiumbe ni mgeni wa mtu. Felix anaingia: Agatha anazimia, Safie, mpenzi wa Felix, anakimbia, Felix anampiga kiumbe kwa fimbo. Kiumbe anasema angeweza kumrarua kama simba anavyomrarua swala, lakini akajizuia. Wanafunzi wengi wananukuu fimbo. Nukuuni kujizuia, maana utu unaoulizwa kwenye swali uko pale, kwa yule asiyehesabiwa kuwa mtu.

Karibuni. Wenye kazi nyingine wazilete.

#2 Ng'ong'ona_B

Shikamooni wakubwa. Swali: nikiweka kazi tano si ndiyo itaonekana nimesoma sana? Nina Frankenstein, The Time Machine, Fahrenheit 451, Brave New World na 1984.

#3 BintiKondoa

Marahaba mdogo wangu. Insha ya maneno 1,500 ukitoa utangulizi na hitimisho unabaki na kama 1,250. Gawa kwa tano: maneno 250 kila kitabu, yaani kisa tu, hoja haina pa kukaa. Chukua mbili. Kila moja 450 hivi, mlinganisho 350, na utangulizi usizidi 120.

Mimi ningemwekea Frankenstein mwenzake wa kinyume kabisa: The Machine Stops ya E. M. Forster, hadithi ya 1909. Ni fupi, kama maneno 12,000, unaimaliza kwa jioni moja. Kwenye Frankenstein mtu anaita na haitikiwi. Kwa Forster kila mtu anaitikiwa na kila mtu saa yoyote, na upweke uko palepale.

Vashti anaishi chini ya ardhi kwenye chumba chenye pembe sita kama sega la nyuki. Ana vitufe vya chakula, muziki, kitanda, hata maandiko. Anafahamiana na watu elfu kadhaa. Mwanawe Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia, anampigia. Sura yake inatokea kwenye bamba la duara linalong'aa mkononi mwa mama. Mama anampa dakika tano kwa sababu ana mhadhara wa muziki wa enzi ya Australia. Kuno anamwambia anaona kitu kinachofanana naye kwenye bamba lakini hamwoni yeye, na anamtaka aje amwone bila Mashine, mtambo unaoendesha maisha yao yote, kati yao. Safari ni siku mbili kwa ndege za wakati huo. Mama anaona ni usumbufu.

Angalia ya dakika tatu: wakati wa maongezi hayo Vashti alikuwa amejifungia asipokee mawasiliano mengine. Anapofungua, kengele zote zinamlipukia kwa mkupuo, maswali ya watu yaliyorundikana kwa dakika tatu tu. Chakula hicho kipya kikoje, ana wazo gani, aje lini kuona watoto wa kituoni. Hakuna hata mmoja kati ya hao elfu anayemtaka yeye.

Makosa mawili yanayowaangusha watu hapa. La kwanza ni kuandika kwamba Forster "anazungumzia mitandao ya kijamii". Ni 1909, hata televisheni haijafika majumbani. Taja mwaka, eleza chumba na kengele, msomaji wako ana simu mfukoni na atajijazia mwenyewe. La pili ni kumfanya Vashti mama katili. Ndani ya ndege anapepesuka, mhudumu ananyoosha mkono kumshika asianguke, na Vashti anamfokea amethubutuje. Watu walikuwa wameacha kugusana. Mila ilikufa kwa sababu Mashine imeimaliza haja yake. Hasira ya Vashti ni adabu njema ya ulimwengu wake. Ukilielewa hilo utaandika juu ya jamii, usimuandike mtu mmoja mwenye roho mbaya.

#4 Mwl_Mpwapwa

Ndugu zangu, uzi mzuri, ila mleta mada anamlea kiumbe.

Sura ya 16. Kiumbe ameshamuua mtoto William, mdogo wake Victor, amechukua picha ndogo ya mama yao aliyokuwa ameivaa mtoto. Anamkuta Justine, mtumishi wa nyumba ya akina Victor, amelala ghalani. Anamwinamia, anamtazama, anafikiri kwamba akiamka atapiga kelele na kumlaani. Kwa hiyo anaipenyeza picha kwenye mikunjo ya nguo yake ili yeye ndiye ashtakiwe, na anasema wazi kwamba mafunzo ya Felix na sheria za umwagaji damu za binadamu vimemfundisha kutenda uovu. Justine ananyongwa. Hiyo haikuwa hasira ya ghafla. Amemhukumu binti kwa kosa ambalo binti hajalitenda bado, vilevile yeye anavyohukumiwa na kila anayemwona.

Insha zinazosema "alikuwa mwema, jamii ikamharibu" zinamnukuu kiumbe mwenyewe akijitetea halafu zinafunga jalada. Kanuni ni rahisi: kila unaponukuu sura ya 11 hadi 16, andika kwamba ni ushahidi wake mwenyewe, anausema mbele ya Victor, mtu ambaye kiumbe anataka kupata kitu kwake. Anachotaka kinafuata sura ya 17, mwenza. Wakili yeyote angekuuliza shahidi ana maslahi gani.

#5 ZabibuKavu

Mwalimu, nakubali Justine aingie, tena aingie mapema. Ila sikubali kwamba kuwa na maslahi kunafuta ushahidi. Angalia nani anatusimulia: kiumbe anamwambia Victor, Victor anamwambia nahodha Walton, Walton anamwandikia dada yake Margaret Saville aliyeko Uingereza. Kila mmoja ana maslahi. Walton mwenyewe barua ya 2 analalamika hana rafiki, na ana meli nzima ya watu.

Na madogo mtazame hapa: Margaret hajibu. Kitabu chote ni barua kwa mtu ambaye hatusikii sauti yake hata mara moja. Herufi za jina lake, ukimpa jina la kati linaloanzia W, zinakuwa za mwandishi mwenyewe, ila hilo ni la pembeni, lisikule aya. Muhimu ni kwamba hata msimulizi wa nje kabisa anaita bila kuitikiwa. Weka mstari huo kwenye jedwali lako, wengi hawauweki.

#6 Upepo_wa_Kiangazi

Naongeza Flowers for Algernon ya Daniel Keyes, kwa tahadhari ya kiufundi.

Ziko mbili! Hadithi fupi ya 1959, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 1960, na riwaya ya 1966. Zote ni za Charlie Gordon, mtu mwenye akili pungufu anayefanyiwa upasuaji wa kumwongezea akili. Kwenye hadithi fupi anafanya usafi kiwandani. Kwenye riwaya yuko kwenye duka la mikate, na familia yake inaingia kwa kina. Ukiandika "hadithi fupi" halafu ukaweka mkate, umejichongea.

Tahadhari ya pili ni simu yako. Kisa chote ni ripoti anazoandika Charlie mwenyewe, na mwanzoni tahajia yake ni mbovu kwa makusudi ya mwandishi. Ukinakili nukuu kwenye simu au kompyuta, kisahihishaji kinanyoosha maneno bila kukuuliza, na ushahidi wako unapotea wote. Kizime kabla ya kuanza. Ukitafsiri, usimfanye Charlie wa mwanzo aandike Kiswahili sanifu. Mpe makosa yanayolingana na yake. Kuna ripoti ambayo amejifunza alama za uandishi na anazimwaga kila mahali. Hiyo usitafsiri, eleza tu.

Kwenye upweke, hoja ya kawaida ni kwamba alikuwa na furaha akiwa mjinga na mpweke akiwa na akili. Ni nusu. Wale aliowaita marafiki walikuwa wakimcheka tangu mwanzo; kilichobadilika ni kwamba sasa anaelewa. Nenda kwenye kisa cha mgahawani. Kijana anayeosha vyombo anaangusha sahani, wateja wanacheka, anatabasamu asijue kwamba anachekwa yeye. Charlie anajikuta naye anacheka. Halafu anasimama na kuwapigia kelele wanyamaze, kwamba naye ni binadamu. Hatua tatu ndani ya aya chache: kucheka, kujiona, kusema. Aya moja nzima ya insha yako inaweza kukaa hapo bila kugusa kingine.

Riwaya hii bado ina hakimiliki, msiombane PDF humu.

#7 Ng'ong'ona_B

Asanteni sana. Nimefuta vitabu vitatu. Je, nikichukua roboti? Utu na mashine si ndiyo mada ya sasa hivi?

#8 BintiKondoa

Inawezekana, ila soma kabla ya kudhani. Tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., ya 1920, ndiyo iliyoleta neno roboti, na roboti wa mle hawana chuma. Wanatengenezwa kwa kitu kinachofanana na nyama hai. Mwanafunzi anayeandika "mashine za chuma zisizo na hisia" ameonyesha kwamba ameishia kwenye picha ya jalada.

Na The Time Machine usiitupe moja kwa moja. Ina mtihani wa utu mfupi kuliko yote. Mwaka 802,701, Weena anazama mtoni mbele ya wenzake Eloi, watu wa zama hizo, na hakuna anayenyanyua mkono. Msafiri, mgeni wa juzi, ndiye anayevua nguo na kuingia majini.

#9 Mwl_Mpwapwa

Nashangaa hakuna aliyetaja Kusadikika. Shaaban Robert, 1951, nchi inayoelea angani. Kama hiyo si bunilizi basi sijui bunilizi ni nini. Swali likiruhusu kazi ya Kiswahili, kuna mlinganisho ambao sijauona kwenye madesa ya mtu yeyote.

Kwenye sura ya 10 ya Frankenstein, juu ya barafu milimani, Victor anataka kumshambulia kiumbe. Kiumbe anamwambia asikilizwe kwanza, kwa kuwa hata sheria za binadamu, pamoja na ukatili wake, zinamruhusu mtuhumiwa ajitetee kabla ya kuhukumiwa. Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika, naye anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, na anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya mfalme. Utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na mema ya huko wakaishia kifungoni.

Watu wawili wanaomba kitu kilekile, sikio. Tofauti ndiyo inayotoa alama. Karama anasema kwa ajili ya wengine, na anaposikilizwa wafungwa wanafunguliwa. Kiumbe anasema kwa ajili yake mwenyewe, anasikilizwa hadi mwisho, anaahidiwa mwenza, kisha Victor anamvunjavunja mwenza huyo mbele ya macho yake kwenye visiwa vya Orkney, sura ya 20. Na katikati yao weka Justine, aliyeruhusiwa kusema mahakamani na akanyongwa vilevile. Kusikilizwa kwenye vitabu hivi si dawa ya kila kitu, na mwanafunzi anayeandika kwamba ni dawa hajafika sura ya 8.

Onyo: usimfanye Karama mpweke kwa nguvu. Yuko peke yake kizimbani, lakini hotuba yake imejaa watu. Tumia hilo kama tofauti, usilazimishe kufanana.

#10 Makole_Stendi

Mwalimu kumbe unayo haya halafu mnatuacha tunakula sapu 😂

#11 Upepo_wa_Kiangazi

Kabla uzi haujahamia kwenye sapu, la nukuu. Maneno 1,500 yanabeba nukuu sita hadi nane, fupi fupi, kila moja chini ya maneno 25. Nukuu ndefu ya nusu ukurasa ni maneno ya Shelley, si yako, na msahihishaji anajua kuhesabu. Kama insha ni ya Kiswahili, tafsiri mwenyewe, weka sura badala ya ukurasa, maana kurasa za PDF na za kitabu cha maktaba hazilingani. Na baada ya kila nukuu ziwepo sentensi mbili zako zinazogusa kitu kilichomo ndani ya nukuu. Usianze na "hii inaonyesha kwamba alikuwa mpweke". Hilo swali limeshakupa.

"Mtu ni watu" nayo si dhambi. Iweke katikati ya insha, mahali unapoweza kuibishia: akina De Lacey ni watu, tena wema, wenyewe wakimbizi waliodhulumiwa Ufaransa. Na ndio waliomfukuza.

#12 Ng'ong'ona_B

Nimefungua faili langu, sura zinaanza upya mara tatu. Sasa hiyo sura ya 12 na ya 15 naipataje? Kwangu hakuna 12.

#13 ZabibuKavu

Basi una mpangilio wa 1818, uko salama, ila usiandike ile hoja yangu ya Elizabeth. Kwa juzuu ya pili toa 8 kwenye namba zetu: ya 10 kwako ni sura ya 2, ya 12 ni ya 4, ya 15 ni ya 7, ya 17 ni ya 9. Juzuu ya tatu toa 17, kwa hiyo Orkney ni sura ya 3 na mwisho ni ya 7. Juzuu ya kwanza toa 1 kuanzia sura ya 3, kwa sababu sura ya kwanza ya 1818 ilikuja kupasuliwa mbili. Kesi ya Justine kwako ni ya 7. Kwenye insha andika juzuu na sura, mfano juzuu 2, sura 4, na mwaka wa toleo utaje mara moja kwenye utangulizi.

Ukishajaza jedwali lipige picha ulitupie hapa, tuanzie safu ya kuitikiwa.